Umeribesi, tarehe zote zikawa za leo: za zamani zimekwenda wapi?

Kwa mgeni: Git ni programu inayotunza historia ya msimbo. Komiti ni hatua moja ya kazi iliyohifadhiwa humo, tawi ni mstari wa kazi ulio pembeni, na kuribesi ni kuzihamishia komiti za tawi juu ya msingi mpya.

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nipo Mwanza, naandika programu ya stoo kwa mkataba na nalipwa kwa siku nilizofanya kazi. Wiki tatu nimekuwa kwenye tawi langu peke yangu, nikaweka komiti 14. Ijumaa usiku nikaribesi juu ya tawi kuu ili niombe liunganishwe. Nilipofungua ukurasa wa seva yetu ya msimbo, komiti zote 14 zinaonekana zimewekwa dakika chache zilizopita, na skripti ya bosi inayohesabu siku za kazi imenipa siku moja. Rafiki ananiambia nirudishe saa ya kompyuta nyuma kisha niribesi tena. Mwingine ananiambia Git ina chaguo la kulazimisha tarehe. Je, tarehe zangu zimepotea? Nifanye lipi?"

Jibu:

Marahaba. Tulia kwanza. Tarehe zako zote 14 zipo, na saa ya kompyuta usiiguse. Nitaeleza kwa nini huko mbele. Kabla ya lolote, fungua dirisha la amri ndani ya tawi lako uandike (`main` ni tawi kuu, `HEAD` ni pale ulipo sasa):

`git log --format=fuller main..HEAD`

Shuka mpaka komiti ya chini kabisa, ile uliyoanzia kazi. Utakuta mistari miwili ya tarehe, na kwako itakuwa na sura kama hii:

`AuthorDate: Mon Mar 3 09:14:22 2025 +0300`
`CommitDate: Fri Mar 21 22:41:07 2025 +0300`

Wa kwanza unasema kazi iliandikwa lini: Jumatatu, saa tatu na dakika 14 asubuhi. Wa pili unasema komiti iliwekwa lini hapo ilipo sasa: Ijumaa, saa nne na dakika 41 usiku, wakati ulipokuwa ukiribesi. Kila komiti ya Git hubeba mihuri hii miwili ya muda tangu inapozaliwa. Siku ya kuzaliwa huwa inafanana, ndiyo maana mtu anaweza kutumia Git miaka mitano asijue kama iko miwili. Ribesi yako ya kwanza ndiyo inayoitenganisha. Nitaiita tarehe ya mwandishi na tarehe ya mwekaji.

Mgawanyo huu ulikuwa na sababu. Linus Torvalds alipoanza kuiandika Git mwezi Aprili 2005, aliiandika kwa ajili ya wanaojenga kiini cha Linux, na hao walizoea kutumiana mabadiliko kwa barua pepe. Mtu anaandika rekebisho lake leo, analituma, na msimamizi wa sehemu hiyo analisoma na kulipokea baada ya siku kumi. Nani ameandika? Yule wa kwanza, siku ile ya kwanza. Nani ameweka? Msimamizi, siku kumi baadaye. Majibu yote mawili ni ya kweli, na Git iliamua kuyahifadhi yote. Unaporibesi tawi lako mwenyewe unavaa kofia zote mbili: wewe wa tarehe 3 ndiye mwandishi, wewe wa Ijumaa usiku ndiye mwekaji.

Ukitaka kuona jambo lenyewe bila mapambo, andika `git cat-file -p` ukifuatisha heshi ya komiti ile, yaani ile namba ndefu inayoitambulisha. Utaona mstari wa mwandishi ukiishia na `1740982462 +0300` na wa mwekaji ukiishia na `1742586067 +0300`. Hizo ni sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa, kisha tofauti ya saa za mahali ulipo. Mistari hiyo ni sehemu ya maandishi yanayokokotolewa kupata heshi, pamoja na heshi ya komiti mzazi. Kwa hiyo komiti haiwezi kung'olewa na kupandikizwa kwingine ikabaki ileile. Ribesi huandika nakala mpya ya kila komiti juu ya mzazi mpya: jina la mwandishi na tarehe yake vinanakiliwa kama vilivyo, jina la mwekaji na tarehe yake vinaandikwa upya kwa saa ya sasa. Komiti zako za zamani bado zimelala ndani ya hazina yako (folda inayobeba historia nzima ya mradi), na kwa mipangilio ya kawaida Git inakaa na kumbukumbu yake ya ndani kuhusu zile zisizofikika tena kwa siku 30.

Sasa tuje kwenye kilichokutia hofu. Ungeangalia kwa `git log` ya kawaida usingeshtuka, maana yenyewe huonyesha tarehe ya mwandishi. Ukurasa wa seva yenu unaonyesha tarehe ya mwekaji, na skripti ya bosi nayo inasoma hiyohiyo. Sijaiona skripti, lakini makosa haya huwa ya aina mbili tu. Ama imeandikwa kwa `%cd`, ambayo ni tarehe ya mwekaji, badala ya `%ad`. Ama inachuja kwa `--since` na `--until`, ambazo siku zote hutazama tarehe ya mwekaji hata kama orodha inayochapishwa inaonyesha ya mwandishi. Hili la pili limewazungusha wengi: unaomba komiti za wiki hii, unapewa orodha ya tarehe za mwezi uliopita, unadhani Git imeharibika.

Dawa ya tatizo lako iko kwenye skripti. Historia yako haina ugonjwa wowote. Mpe bosi hii:

`git log --no-merges --author="jina lako" --format=%ad --date=short main..tawi-langu | sort -u | wc -l`

Inachukua tarehe ya mwandishi ya kila komiti, inafuta siku zinazojirudia, inahesabu zilizobaki. Tawi likishaunganishwa, `main..tawi-langu` kwa kawaida haitakuwa na kitu, basi asome `main` yenyewe na achuje tarehe kwa maandishi, kabla ya kuhesabu:

`awk '$1 >= "2025-03-01" && $1 <= "2025-03-31"'`

Na umwambie ukweli mmoja kabla hajakulipa kwa hesabu hiyo: tarehe ya mwandishi nayo ni maandishi tu. Mtu yeyote anaweza kuandika anayoitaka, hakuna mthibitishaji ndani ya Git. Siku uliyoshinda ukisoma msimbo wa mwenzako ili uelewe hitilafu haina komiti hata moja, na ilikuwa siku ya kazi kuliko nyingine zote. Ninawasihi sana vijana wanaolipwa kwa siku: andikeni daftari lenu la kazi na mkubaliane nalo na mwajiri. Komiti ziwe ushahidi wa pembeni.

Chaguo alilokutajia rafiki wa pili lipo kweli:

`git rebase --committer-date-is-author-date main`

Linafanya kile jina lake linachosema: badala ya saa ya sasa, tarehe ya mwekaji inachukuliwa kutoka tarehe ya mwandishi, pamoja na tofauti ya saa za mahali. Tena linailazimisha Git kuandika upya komiti zote za tawi lako hata kama tawi tayari limekaa juu ya `main`, kwa hiyo unaweza kuliendesha sasa hivi, baada ya ribesi ya Ijumaa, likafanya kazi. Angalia toleo lako kwanza kwa `git --version`. Kabla ya 2.29 ya Oktoba 2020 chaguo hili halikuelewana na ribesi ya kuhariri orodha, ile ya `-i`. Na Ubuntu 20.04, ambayo bado naikuta kwenye seva nyingi, ilikuja na Git 2.25.1. Toleo 2.29 lenyewe lilipotoka lilikuwa na hitilafu mbaya: ukitumia chaguo hili, barua pepe ya mwekaji ilipotea. Ikarekebishwa kwenye 2.29.2.

Mimi kwako sishauri ulitumie, na nitasema kwa nini kwa kisa kilichonipata.

Nilikuwa kwenye timu moja ambayo nilishupalia usafi wa historia. Niliona tarehe mbili zinachanganya watu, nikaweka kanuni kwamba kila tawi likiribesiwa litumie chaguo lile, kisha lisogezwe kwenye tawi kuu bila komiti ya kuunganisha. Orodha ikapendeza. Siku moja mfumo wa malipo ukaanza kukataa miamala saa mbili usiku, na swali la kwanza la kila mtu likawa: nini kimeingia tangu jana? Nikaandika `git log --since=yesterday`. Haikutoa kitu. Nikawaambia watu wa seva tatizo liko kwao, msimbo haujabadilika, nao wakahangaika na mtandao na hifadhidata mpaka usiku wa manane. Kumbe jioni ile ile liliingia tawi la mtu aliyelifanyia kazi mwezi mzima. Komiti zake zilisema zimewekwa wiki tatu nyuma, kwa sababu mimi ndiye niliyeamuru ziseme hivyo.

Tena ubaya haukuishia kwenye komiti zake. `--since` inatembea kutoka kichwa cha historia kwenda nyuma, na ikikutana na komiti iliyo ya zamani kuliko kikomo, haiendelei kutazama wazazi wake. Kichwa cha tawi kuu kikiwa na tarehe ya zamani, kinafunika hata komiti za kweli za jana zilizo chini yake. Tangu Git 2.37 kuna `--since-as-filter`, ambayo hupitia zote bila kusimama njiani, lakini usiku wa dharura nani anaikumbuka? Tarehe ya mwekaji ndiyo inayojibu swali la kitu kiliingia lini mahali hapa. Niliifuta kwa mikono yangu kwa sababu ya urembo, na kanuni ile niliiondoa asubuhi yake.

Kuna sababu nyingine ya kwako wewe. Ikiwa mnaunganisha kwa kitufe cha kuribesi cha GitHub, chenyewe hubadilisha taarifa za mwekaji kila mara na kutoa heshi mpya. Tarehe utakazolazimisha leo zitafutwa na kitufe kesho.

Yapo mahali chaguo hili ni zuri kabisa, nisije nikalikataa lote. Unapohamisha historia ya mradi wa zamani kutoka folda za zipu kwenda Git, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwa na hazina hiyo, tarehe moja ya kweli ni bora kuliko siku ya uhamisho kujirudia mara mia tatu. Na pale ambapo mashine inaribesi mfululizo wa marekebisho yaleyale kila usiku juu ya toleo jipya la programu ya wengine: bila chaguo hili heshi hubadilika kila usiku hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu sekunde zimesogea. Ukilitumia, na jina la mwekaji likawa moja, msingi uleule na marekebisho yaleyale hutoa heshi zilezile, nawe unajua mara moja kama kuna kipya.

Kuhusu kurudisha saa ya kompyuta nyuma, hapana. Kwanza haifanyi unachotaka: ribesi nzima inaisha ndani ya dakika moja, kwa hiyo komiti zote 14 zitapata siku moja tu, na siku hiyo itakuwa ya uongo. Pili, saa ikiwa nyuma sana miunganisho salama ya intaneti inaweza kukataliwa kwa sababu vyeti vya usalama vina tarehe za kuanza na kwisha. Tatu, zana kama `make` zinaamua faili gani lijengwe upya kwa kulinganisha saa za mafaili, na utaachiwa programu iliyojengwa nusu mpya nusu ya zamani bila kuelewa kwa nini.

Nihamie sasa kwenye hatari ya kweli, maana hukuiuliza na ndiyo inayoweza kukukosesha malipo. Ribesi ya kawaida haigusi tarehe ya mwandishi, lakini yapo mambo matatu ndani yake yanayoigusa.

La kwanza ni kubana komiti kwa `squash` au `fixup`. Komiti kumi zikibanwa kuwa moja, inabaki tarehe ya mwandishi ya ile ya kwanza katika kundi. Nyingine tisa zinaondoka na siku zao. Mwombe anayekagua kazi yako akuambie mapema kama anataka tawi libanwe, na kabla ya kubana acha nakala:

`git branch akiba-machi`

Tawi la akiba halikugharimu chochote, na kumbukumbu ya ndani ya Git ikifutika siku moja, hilo litabaki mpaka ulifute mwenyewe.

La pili ni kugawa komiti kubwa. Kwenye ribesi ya `-i` unaiwekea komiti neno `edit` ili Git isimame hapo, unaandika `git reset HEAD^`, kisha unaweka vipande kimoja kimoja. Hapo komiti ya awali imevunjwa na Git haijui kwamba vipande hivi ni vyake, kwa hiyo vinapata tarehe ya leo pande zote mbili. Ukitaka virithi jina na tarehe ya mama yao, weka kila kipande kwa `git commit -c ORIG_HEAD`. Ujumbe wa zamani utafunguka uuhariri, na tarehe ya mwandishi itakuja nao. Wengi hawaijui hii, nami nilichelewa kuijua.

La tatu ni kuomba mwenyewe bila kuelewa: `--reset-author` kwenye `git commit --amend`, au `--ignore-date` kwenye ribesi, ambayo tangu 2.29 ina jina la wazi zaidi, `--reset-author-date`. Zote zinaifanya tarehe ya mwandishi kuwa ya sasa. Nimeona watu wakinakili mstari wa kubadilisha barua pepe iliyokosewa, ndani yake mna `--reset-author`, na mwezi wa kazi ukageuka jioni moja.

Ikiwa limeshatokea lolote kati ya haya na hukuacha akiba, andika `git reflog`, inayofungua ile kumbukumbu ya ndani ya Git, tafuta mstari wa kabla ribesi haijaanza, na uweke tawi hapo kwa `git branch akiba-machi` ukifuatisha heshi yake. Kisha linganisha ya zamani na mpya, moja kwa moja:

`git range-diff main akiba-machi HEAD`

Ikiwa ni komiti moja tu inayohitaji kurekebishwa, mfano saa ya laptopu ilikuwa imekosea siku hiyo, simama juu yake kwa `edit` uandike:

`GIT_COMMITTER_DATE="2025-03-05T15:20:00+0300" git commit --amend --no-edit --date="2025-03-05T15:20:00+0300"`

`--date` peke yake hugusa tarehe ya mwandishi tu. Sehemu ya mwanzo ndiyo inayogusa ya mwekaji, na mara nyingi unaweza kuiacha. Usisahau `+0300`. Ukiiacha, Git itatumia saa za mashine uliyopo, na kama umeingia kwenye seva inayokwenda kwa saa za kimataifa, muda utateleza kwa saa tatu. Na sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu: saa tisa alasiri ni 15. Ukiandika 09:20 kwa sababu kichwani una saa tisa, umeandika saa tatu na dakika 20 asubuhi, na Git itakubali bila kusema neno.

Kama komiti zako zilikuwa na sahihi ya kidijitali, ujue ribesi huzivua, maana sahihi ilikuwa ya maandishi yale ya zamani. Ongeza `-S` unaporibesi ili zitiwe upya.

Basi kwa upande wako, kazi ya leo ni fupi. Acha tawi lilivyo. Tengeneza `akiba-machi` kutoka heshi ya kabla ya ribesi ya Ijumaa ukiwa bado unaiona kwenye `git reflog`. Endesha ule mstari wa kuhesabu siku uone kama namba inalingana na unazozikumbuka, kisha mpelekee bosi pamoja na maelezo ya `%ad` na `%cd`. Kama tawi ulishalisukuma kwenye seva kabla ya ribesi, lisukume tena kwa `git push --force-with-lease`, ambayo itakataa ikiwa kuna mtu ameongeza kitu huko ambacho wewe hujakiona. Na kama kuna mwenzako aliyekwisha kulivuta tawi hilo kwake, mpigie simu kabla ya kusukuma.